Kamba ya Umande

Siku tuliyomzika babu yangu, watu wa kwanza kufika msibani walianza kwa kumkamata jogoo wetu. Walikuwa watani, Wasambaa watatu wa Korogwe, waliokuja na baiskeli mbili. Mkubwa wao, mzee mrefu aliyesokota kamba kwenye shamba la mkonge tangu ujana wake, hakumpa mtu mkono wa pole. Alimkimbiza jogoo mpaka nyuma ya jiko, akarudi naye kwapani, akatangaza kwamba marehemu alikuwa Mzigua mchoyo aliyemlisha bada, ugali wa muhogo, bila mboga kwa miaka arobaini, na kwamba jogoo huyo ndiye mboga iliyochelewa. Kisha akaketi mkekani akalia machozi ya kweli, jogoo akichungulia kutoka kwapani mwake.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi mitatu nyuma, na nilisimama mlangoni nikichagua uso wa kuvaa. Nikicheka, watasema msomi anacheka kwenye msiba wa babu yake. Nikinuna, watasema chuo kimemsahaulisha utani. Nikiwa bado katika mizani hiyo nilimsikia bibi akicheka huko ndani, kicheko kilichochanganyika na kwikwi, na wanawake waliomzunguka wakacheka naye. Basi na mimi nikacheka, peke yangu, wakati wengine wote walikwisha kunyamaza.

Makaburini yule mtani aliendelea. Alilizunguka kaburi mara mbili, akalipima kwa hatua zake ndefu, akatikisa kichwa.

"Hili mmelipima saa ngapi?" aliwauliza wachimbaji. "Kama ni asubuhi, miguu ya Mzigua wangu itabaki nje."

Wazee wakajiinamia, mabega yakiwatikisika. Mimi nililikamata koleo lililokuwa karibu. Jambo la asubuhi lilikuwa siri ya watu wawili, babu na mimi, na mmoja wetu alikuwa ndani ya sanda. Alinikabidhi wiki tatu kabla ya kufa, nikamwahidi kwamba siku ya arobaini yake nitaitoa mbele ya kijiji kizima. Sasa huyu Msambaa amelijuaje? Au hajui, na asubuhi ni asubuhi tu? Nilijiuliza hivyo mpaka mchanga ukaisha, na mtu akalazimika kuninyang'anya koleo.

Babu alizaliwa wakati wa Mjerumani. Mwaka hakuujua, na tulipombana alisema ulikuwa mwaka wa nzige, jambo ambalo halikutusaidia kwa kuwa nzige walikuja miaka mingi. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyeitwa. Shingoni alivaa filimbi ya refa. Ikilia mara mbili, ni msaragambo: chukua jembe, kuna barabara au darasa la kujengwa. Ikilia mara tatu, kuna mgonjwa wa kubebwa kwa machela kwenda zahanati, na vijana wenye mabega watoke. Hakuna aliyemtuma. Walimchagua uenyekiti mara mbili, na mara zote mbili aliukataa, akisema mwenyekiti hungojwa aanze na yeye hana subira ya kungojwa.

Kumbukumbu yangu ya kwanza maishani ni visigino vya babu. Ilikuwa siku chache kabla ya Uhuru. Nilikuwa na miaka minne, nimekaa juu ya lundo la udongo, na yeye alikuwa ndani ya shimo akichimbia mlingoti wa bendera mbele ya baraza. Alijitolea kuchimba peke yake. Aliogopa mlingoti usije ukaangushwa na upepo na kutuletea mkosi, basi akachimba, akachimba, mpaka visigino vikatoweka, kisha mgongo, kisha kofia. Waliposimamisha mlingoti, nusu yake ilimezwa na ardhi. Siku ya sherehe bendera mpya ilipepea usawa wa paji la uso, na kila mgeni wa heshima aliyepita chini yake aliinama. Babu alisema ndivyo bendera inavyotakiwa kuheshimiwa. Mlingoti ule haujaanguka mpaka leo.

Nayataja haya ili ieleweke kwamba kupima hakukuwa kipaji chake, na kila mtu alijua.

Kipaji chake kilikuwa watu, na kwanza kabisa watu wa nyumbani kwake. Alikuwa na mke mmoja na hakutaka wa pili. Watani walimwambia kuwa ameogopa, naye alikubali kwamba ndiyo, ameogopa sana. Alipokwenda na bibi gulioni Korogwe hakutangulia mbele kama waume wengine. Walitembea sambamba, kapu katikati yao, kila mmoja ameshika mpini wake. Na kila siku baada ya magharibi alipita akituhesabu kwa kutugusa vichwa, watoto wake, wajukuu, na yeyote aliyekuwapo. Mara moja alipata kichwa kimoja cha ziada, cha mtoto wa jirani. Akasema hesabu imezidi, lakini asirudishwe kwao mpaka ale.

Mimi aliniita mume mwenzake. Nikimsalimu shikamoo, alijibu marahaba, mume mwenzangu, halafu alimlalamikia bibi kwamba mumewe mdogo anasoma tu na halimi.

Mwaka wa kuhamia vijijini nilikuwa kidato cha pili. Tulitoka kwenye mashamba yetu upande wa Kang'ata, tukaletwa karibu na Sindeni kwenye pori lililofyekwa wiki ile ile. Wazee wengi walinung'unika. Bibi alikaa juu ya jiwe lake la kusagia ndani ya lori na kukataa kushuka mpaka jiwe lishushwe kwanza. Tulitakiwa tuwe nyumba ishirini na nne, kumi na mbili kila upande wa barabara, kila kaya na ekari yake moja ya kuzunguka nyumba. Bwana wa vipimo angekuja na mnyororo wake. Siku zikapita, mvua ikaanza kunukia, watu wamelala chini ya maturubai na majani, bwana wa vipimo yuko kijiji kingine. Ndipo filimbi ilipolia mara mbili.

Rafiki yake Msambaa, huyu huyu wa jogoo, alikuwa amemletea zawadi ya kuhamia: kamba mpya ya katani, nene, nyeupe kama ndevu. Babu aliikata sawasawa kwa hatua sabini, akafunga kitambaa chekundu kwenye kila ncha. Ncha moja alishika yeye. Ya pili alinipa mimi, kwa kuwa nilikuwa likizo na kwa kuwa, alisema, mtu aliyesoma hisabati hawezi kupinda.

Tulianza alfajiri, mara tu baada ya swala. Babu alitaka kuanza na mama mmoja mjane, mwenye watoto watano. Alisema mjane asisubiri. Basi kiwanja cha kwanza kabisa, upande wa juu, kwenye mwanzo wa barabara, kilikuwa chake. Nyasi zilinifika magotini na zilijaa umande. Kamba ilipoburutwa ilikuwa nzito kama nyoka aliyeshiba, na maji yalinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Tukavuta, babu akachomeka mti, tukasogea. Tukaenda hivyo nyumba kumi na mbili za upande wa juu. Jua likapanda. Tukavuka barabara, tukaanza kurudi na upande wa chini, nyumba baada ya nyumba. Mchana kamba ilikuwa kavu, nyepesi, inakwaruza. Kiwanja cha mwisho, jua likiwa limeelekea alasiri, kilikuwa chetu. Babu alitaka hivyo. Aliyepima achukue mwisho, alisema, ili asiambiwe amejipendelea.

Kwa kuwa tulianzia mwanzo wa barabara na kurudi hapo hapo, nyumba yetu ya mwisho ilitazamana na nyumba ya kwanza, ya mjane. Lakini haikutazamana sawasawa. Upande wetu ulipitiliza, ukatokeza mbele kama shati lililozidi koti. Mimi na babu tulisimama barabarani tukautazama. Babu akasema barabara ina kona. Nilitazama barabara. Ilikuwa imenyooka kama rula. Nikasema ndiyo, babu, ina kona.

Kijiji kilijengwa, mahindi yakapandwa. Kazi ya kamba ilipokwisha bibi aliichukua na kuifunga kati ya jiko na mpapai, ikawa kamba ya kuanikia nguo. Mimi nilikwisha kurudi shule. Yaliyofuata aliniambia babu mwenyewe, akiwa kitandani, miaka minane baadaye.

Asubuhi moja baada ya mvua, alisema, alitoka nje na kikombe cha uji. Kamba ya nguo ilikuwa imekazika kiasi kwamba mpapai umeinama. Akastaajabu, akaenda shambani. Mchana aliporudi jua lilikuwa kali, na kamba ile ile ilikuwa imelegea mpaka kanzu yake inafagia vumbi. Alisimama pale mpaka bibi akamuuliza kama anaumwa na tumbo. Katani ikilowa hufupika, ikikauka hurefuka. Alikaa maisha yake yote katika nchi ya mkonge na hakuwahi kulitazama jambo hilo mpaka siku ile. Kesho yake, mchana kweupe, akaenda kukipima kiwanja cha mjane kwa hatua zake, kisha chetu. Kilipungua hatua nne. Chetu kilizidi hatua tatu. Yule aliyetaka kumheshimu kuliko wote ndiye aliyempunja kuliko wote, na kwa kujiweka mwisho alikuwa amejipa kikubwa kuliko chote kijijini.

"Kwa nini hukusema, babu?" nilimuuliza.

"Nilikwenda kusema," alijibu. "Nilikwenda mara nyingi. Kila nikifika kwa yule mama, nakuta paa linavuja, napanda. Mtu hawezi kukiri dhambi akiwa juu ya paa. Nikishuka, ameshapika uji."

Nilianza kucheka, nikajizuia, kwa kuwa mwenyewe hakucheka. Alikuwa anatazama dari. Aliniambia kwamba katika umri wake wote amemwomba radhi kila aliyemkosea, isipokuwa nyumba kumi na mbili za upande wa juu, na kati ya hizo anayemwogopa ni mmoja. Asipomsamehe yule mama, alisema, hajui ataanzaje kujieleza huko aendako. Akanishika mkono, mkono ule ule uliowahi kuchuruzika maji.

"Siku ya arobaini, watu wakiwa wamekaa kula, wewe utasimama useme. Wewe ulishika ncha ya pili."

Kwa siku arobaini sikulala vizuri wala sikula vizuri. Nilikuwa nasubiri barua ya kupangiwa kazi, na nikasahau kuisubiri. Niliandika hotuba ya kurasa kumi na moja, na kila nikiisoma niliona mambo mapya ya kuogopa. Watu wakisikia, je, hawatadai kupimiwa upya? Kijiji kitabomolewa? Jina la babu litageuka kichekesho? Tena, kazi zile zote alizojitolea, je, zilikuwa wema au zilikuwa faini? Nilikaa na penseli nikaorodhesha: choo cha nyumba ya tatu, banda la mbuzi la nyumba ya saba, paa la mjane mara zisizo na idadi. Karibu zote zilikuwa upande wa juu. Nilimpelekea bibi orodha ile ndani, ambako alikuwa amekaa eda, nikamsomea bila kumwambia sababu. Alisikiliza akipepeta mchele.

"Na kabla hatujahamia?" aliuliza. "Machela alikuwa anambebea nani?"

Nikaichana orodha, kisha nikaokota vipande, maana labda vingehitajika.

Hapo lazima nitaje kikapu, ingawa wakati huo sikukifikiria hata kidogo. Kila mavuno, tangu mwaka wa kwanza wa kijiji, bibi alinituma kwa yule mjane na kikapu cha mahindi na boga moja juu. Nikiwa shuleni alikwenda mtu mwingine, lakini nikiwa likizo ilikuwa kazi yangu, mwanamume mzima wa kidato cha tano na kikapu kichwani. Jirani zetu wa upande wa chini nao walipeleka vyao kwa waliotazamana nao. Vikapu vilivuka barabara msimu wa mavuno kama siafu. Mimi, niliyeweza kukesha nikijiuliza kama mwalimu alinitazama vibaya, sikuwahi kujiuliza kwa nini vinavuka kuelekea upande mmoja tu.

Arobaini ikafika. Mchele ulikuwa wa taabu mwaka ule, lakini kila nyumba ilileta kibaba chake, na wanawake wakapika pilau kwenye masufuria ya shule. Watani walirudi. Yule mzee wa kamba alivaa koti la babu na kutundika filimbi yake shingoni, akapita akigusa vichwa vya watu waliokaa na kuwahesabu, mwendo wa haraka, viwiko nje, babu mtupu. Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta macho. Dua ikasomwa. Sinia zikawekwa. Wanaume tulikaa uani, wanawake barazani, na bibi alikuwa ndani karibu na dirisha, pazia limeachwa wazi kidogo ili asikie.

Mwenyekiti wa kijiji akasema kuna mjukuu ana neno. Nikasimama na kurasa zangu kumi na moja. Ukurasa wa kwanza ulieleza historia ya vipimo vya ardhi. Niliusoma mpaka katikati nikaona mikono ya watu ikisita juu ya pilau linalopoa. Nikamtafuta yule mjane kwa macho. Alikuwa amekaa mwisho wa baraza, mama mnene mwenye mtandio wa kijani, na alikuwa ananitazama moja kwa moja. Nikaziweka kurasa chini ya sinia.

Nikasema tu. Nilisema kwamba upande wa juu ulipimwa na kamba iliyolowa umande na upande wa chini na kamba iliyokauka. Kwamba babu aligundua baadaye na akaogopa kusema. Kwamba kiwanja chetu ni kikubwa kuliko vyote na cha mama yule ni kidogo kuliko vyote, kwa hatua nne, na kwamba ncha ya pili nilishika mimi. Kwamba babu anaomba radhi kwa wote, na kwake yeye mama kwanza.

Nzi mmoja alitua juu ya pilau na kuondoka. Kisha yule mtani akavuta pumzi ndani ya koti la babu.

"Serikali imemsomesha miaka kumi na sita," alisema, "aje atuambie kwamba katani ikilowa hufupika."

Uani pakalipuka. Wazee waligongana mabega, mmoja akapaliwa na akapigwa mgongoni. Mtani akasema yeye aliisokota kamba ile kwa mikono yake, na kwamba siku ya pili tu baada ya kupima alipopita na baiskeli na kuona upande mmoja umetokeza, alicheka mpaka akaangukia mtaroni. Alinyamaza kwa sababu Mzigua wake alionekana amefurahi sana. Ikabainika kwamba wazee nao walijua, wengine kwa miaka sita, wengine kwa saba, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake na mke wake. Mimi nilisimama katikati ya kicheko kile nisijue pa kuweka mikono. Nilichokuwa nimekuja kukitafuta sikuwa nimekipata. Mjane hakucheka. Alikuwa amesimama.

Watu walipomwona wakanyamaza mmoja mmoja. Alijifunga mtandio kiunoni kama mtu anayekwenda kuteka maji.

"Mwanangu," aliniambia, "wiki ya pili baada ya kuhamia, bibi yako alitukuta kisimani, akasema, jamani, kamba ya mume wangu imekunywa maji. Sisi tunaanika nguo juu ya katani tangu usichana. Tulicheka mpaka ndoo zikamwagika. Tukakubaliana wanaume wasiambiwe, maana wataanza kupima upya na mahindi yameshaota. Tukasema, aliyezidishiwa atavuna, na cha hatua zilizozidi atavusha barabara. Wewe ulikuwa unabeba nini kichwani miaka yote hiyo?"

Niliona vikapu vyote vya upande wa chini vikivuka barabara, mwaka baada ya mwaka.

"Hatua zangu nne nilikwisha kuzila," alisema. "Nimezila za kuchoma, nimezila za kuchemsha, na boga juu."

Sasa ilikuwa zamu ya barazani kucheka, na vicheko vya wanawake vilikuwa vya watu waliongoja miaka minane. Lakini yule mama aliinua mkono. Uso wake ulibadilika. Alisema radhi babu alikuwa nayo tangu kikapu cha kwanza, ila yeye ndiye mwenye deni la kusema, na hajui atamwambia nani.

"Lile paa," alisema. "Mwaka wa kwanza lilivuja kweli. Baada ya hapo lilikuwa zima. Wanangu hawakuwa na baba. Akija kuezeka walikuwa wanampokeza makuti na kumsikiliza, na akishuka alikuwa anawahesabu vichwa pamoja na wale wake. Basi zikipita wiki mbili hajaja, nilikuwa nachukua mwiko, nasimama juu ya kinu, nalitoboa. Nimempandisha yule mzee juu ya paa na umri wake ule. Mara ngapi, sijui. Mimi ndiye naomba radhi, na mwenyewe ameondoka. Nani atanipa?"

Niliwatazama wazee, nao walitazama sinia. Mtani alivua kofia. Ndipo sauti ya bibi ikatoka dirishani, bila haraka, kama mtu anayejibu hodi.

"Nimekupa mimi. Nilikuona tangu siku ya kwanza, na mwiko wako. Nilikuwa namwambia, mzee, nenda kaangalie paa la mwenzio."

Sidhani kama nitawahi tena kusikia arobaini ya namna ile. Mjane alikaa chini akacheka na kulia. Mtu wa nyumba ya tatu akasimama akakiri kwamba mlango wa choo chake haukuwahi kuharibika wenyewe. Wa nyumba ya saba akasema mbuzi wake walikuwa wanafunguliwa. Ikawa kila mmoja wa upande wa juu ana jambo, na kila jambo lilijibiwa dirishani kwa neno moja, nimekupa, nimekupa, mpaka bibi akasema koo limemkauka, na watu waendelee na pilau. Mtani akaifungua kamba ya babu kwenye mpapai, akatumbukiza ncha yake ndani ya ndoo ya kunawia, akaanza kupima mikeka, akiwatangazia watu wa upande wa chini kwamba leo sinia zao zitakuwa fupi. Hotuba yangu ilitumika kufunikia sufuria. Pilau lilifanya ukurasa wa historia ya vipimo uwe na mafuta hata leo, maana nimeuhifadhi.

Kesho yake bibi aliniamuru nirudishe kamba mahali pake, kati ya jiko na mpapai. Asubuhi ya umande inakazika na nguo zinapanda juu. Mchana inalegea. Niliitazama siku nzima kama mtu anayetazama mpira.

Mavuno yalipofika barua yangu ya kazi ilikuwa bado. Bibi alipanga mahindi kwenye kikapu, akaweka boga juu, akatafakari, akaongeza la pili. Nikavuka barabara, kikapu kichwani, mimi mwenye shahada, na safari hii nilijua nimebeba nini. Yule mama alikuwa mlangoni anapembua maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha pa kukiweka.

"Na paa langu linavuja," alisema.

Hakunitazama. Naogopa urefu, naogopa makuti, naogopa nyoka wa kwenye makuti. Niliegemeza ngazi nikapanda. Tundu lilikuwa juu ya jiko, bichi, la mviringo, unene wa mpini wa mwiko. Huko chini watoto walikwisha kuanza kunipokeza makuti.